Ranchi Iliyoacha Kuwa ya Familia: Lewa na Hesabu ya Ardhi Kaskazini mwa Mlima Kenya

Lewa iko kaskazini mwa Mlima Kenya, katika Kaunti ya Meru, mahali ambapo mashamba ya ngano ya Timau yanakoma na nyika inayoshuka hadi Isiolo inaanza. Eneo lake, ukihesabu na msitu wa Ngare Ndare ulioungana nalo, linapita ekari 60,000. Leo linajulikana kwa vifaru, kwa punda milia wa Grevy na kwa mbio za marathoni zinazokimbiwa humo tangu 2000 watalii na wanyama wakiwa papo hapo. Kabla ya hayo yote lilikuwa ranchi ya ng'ombe. Familia ya Douglas ilifika huko mwaka 1922, enzi za walowezi, na mwaka 1952 usimamizi ukaangukia kwa binti wa familia hiyo, Delia, na mumewe David Craig. Kwa zaidi ya nusu karne kazi ya mahali hapo ilikuwa nyama: kuzalisha ndama, kuwanenepesha na kuwauza.

Familia za aina hiyo hazikuwa chache. Uwanda wa Laikipia na miinuko inayopakana nao ilijaa ranchi kubwa zilizoanzishwa na walowezi, na nyingine bado zinaendeshwa na vizazi vya tatu na vya nne. Baadhi zimegeuka hifadhi kabisa, nyingine zimechanganya ng'ombe na wanyamapori, na nyingine ziliuzwa au kugawanywa viwanja. Lewa inafaa kutazamwa peke yake kwa sababu historia yake imeandikwa vizuri na kwa sababu ndani yake zimo sifa na lawama zote zinazotolewa juu ya ranchi hizo. Wanaoisifu husema familia ilipenda wanyama. Wanaoilaumu husema familia ilishikilia ardhi ya wengine. Kilichowaokoa wanyama, hata hivyo, ni jambo lisilo na hisia: ardhi kubwa iliyobaki kipande kimoja, bila kukatwa. Mapenzi yalisaidia, fedha za wafadhili zilisaidia zaidi, lakini bila upana huo yote mawili yasingefika popote.

Ili kuelewa kwa nini upana ni jambo kubwa hivyo, yafaa kuanzia hesabu ya nchi nzima. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi mbili ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga za taifa, yaani katika ardhi za watu binafsi na za jamii. Uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku mwaka 1977, na tangu mwaka huo hadi 2016 hesabu zilizofanywa kwa ndege zilionyesha kwamba idadi ya wanyama wakubwa wa nyika ilipungua kwa wastani wa asilimia 68. Marufuku ilizima bunduki za wageni, haikuzima jembe wala waya wa seng'enge. Mwenye ardhi ambaye hakupata chochote kutokana na swala au pundamilia alikuwa na kila sababu ya kulima ngano, kuuza viwanja au kujaza mifugo mpaka nyasi ziishe. Katika hali hiyo ranchi iliyobaki nzima ilikuwa ajali njema. Ilibaki nzima kwa kuwa ng'ombe wa nyama katika nchi kavu wanahitaji malisho mapana, na mahali penye malisho mapana bado twiga anapita.

Kifaru ndiye aliyebadilisha mkondo wa Lewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki pungufu ya 400. Pembe zilikwenda Yemeni kutengenezewa mipini ya majambia na Asia ya Mashariki kusagwa dawa, na mbuga za serikali hazikuwa na askari wala mafuta ya magari ya kutosha kuwazuia majangili. Anna Merz, Mwingereza aliyewahi kuishi Ghana kwa miaka mingi, aliingia Kenya na baadaye akatafuta mahali pa kuwahifadhi waliosalia. Familia ya Craig ilimpa sehemu ya ranchi. Mwaka 1983 ekari 5,000 zilizungushiwa uzio, zikaitwa hifadhi ya vifaru ya Ngare Sergoi, na fedha nyingi za mwanzo zikatoka mfukoni mwa Merz mwenyewe. Vifaru walikamatwa mmoja mmoja huko kaskazini walikokuwa wametawanyika, dume huku, jike kule, wakiwa mbali mno hata kukutana na kuzaana, wakasafirishwa hadi ndani ya uzio.

Mambo mawili ya hatua ile yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni kwamba kifaru hakuwa mali ya mwenye ranchi. Kisheria wanyamapori wote wa Kenya ni wa taifa, hata wakilala uani kwa mtu, tofauti na Afrika Kusini ambako kifaru anaweza kununuliwa mnadani. Familia ilibeba gharama na hatari za mnyama ambaye isingeweza kumuuza. La pili ni kwamba kifaru hana faida kwa mfugaji. Anakula vichaka, anavunja uzio, anahitaji mlinzi usiku na mchana. Uamuzi wa kumpokea haukuwa wa kibiashara, ingawa baadaye ulizaa biashara ya utalii. Ni haki kuusema wazi, kwa sababu kuna mtindo wa kueleza kila tendo la mwenye ardhi kubwa kama hila ya kuilinda ardhi yake. Hila huenda ilikuwepo. Kifaru naye alikuwepo, na leo yupo.

Eneo la uzio liliongezwa maradufu mwaka 1988. Miaka michache baadaye ranchi yote ikaingizwa ndani, pamoja na msitu wa Ngare Ndare ambao ni wa serikali. Mwaka 1995 ranchi ilibadilika na kuwa Lewa Wildlife Conservancy, shirika lisilogawa faida, lenye bodi ya wadhamini. Jirani wa magharibi, ranchi ya Borana ya familia ya Dyer, alipokea vifaru mwaka 2013, na mwaka uliofuata uzio uliotenganisha maeneo hayo mawili uling'olewa. Kilichopatikana ni eneo moja la ekari zipatazo 93,000, ambamo sasa wanaishi zaidi ya vifaru 200, weusi na weupe. Kenya nzima ina vifaru weusi 1,000 hivi. Kwa hiyo ranchi mbili za zamani za ng'ombe zimebeba sehemu kubwa ya mzigo wa taifa.

Kazi yenyewe ya kumlinda kifaru haina mvuto wa picha za magazeti. Kila mnyama hukatwa alama masikioni akiwa mdogo, mikato midogo ambayo mahali pake na idadi yake humpa namba. Mlinzi hutoka alfajiri kwa miguu, hufuata nyayo na kinyesi, na lazima amwone kila kifaru wa eneo lake kwa macho, aandike yuko wapi, yuko na nani, anachechemea au la. Asiyeonekana kwa siku kadhaa hutafutwa kwa kikosi, kwa ndege ndogo ikibidi. Baadhi ya walinzi ni polisi wa akiba na hubeba bunduki kwa idhini ya serikali. Pamoja na yote hayo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, bei ya pembe ilipopanda tena, Lewa nayo ilipoteza wanyama kwa majangili. Jibu halikuwa bunduki zaidi tu. Habari nyingi za kuwanasa majangili hutoka vijijini, na kijiji hutoa habari kikiona sababu ya kuzitoa. Ranchi yenye maadui pande zote haiwezi kulinda kifaru hata ikijenga ukuta.

Uzio nao una tatizo lake. Kifaru anapaswa kuzuiwa ndani, lakini ndovu hapaswi kuzuiwa popote. Ndovu wa Laikipia na Samburu, ambao ni zaidi ya 7,000 na ndio kundi kubwa la pili nchini baada ya lile la Tsavo, huhama kufuata mvua. Ukiwafungia wataangusha miti ya mshita hadi uwanda ubaki mtupu. Njia iliyotumika ni kuacha mianya kwenye uzio na kuisimika vigingi vifupi vilivyokaribiana. Ndovu anainua mguu na kuvuka. Twiga anavuka, pundamilia anapenya. Kifaru, mwenye miguu mifupi na mwili mpana, anafika, ananusa, anageuka. Kamera zilizofungwa kwenye mianya hupiga picha ya kila anayepita, na kwa picha hizo mameneja hujua msimu gani ndovu wangapi wameelekea wapi.

Upande wa kusini kikwazo kilikuwa barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru na mashamba ya ngano kati ya Ngare Ndare na msitu wa Mlima Kenya. Ndovu walikuwa wakipita njia hiyo tangu zamani, na kila walipopita palikuwa na mazao yaliyoliwa, na wakati mwingine watu au ndovu waliouawa. Mashamba makubwa ya Marania na Kisima yalikubali kuachia ukanda wa kilomita zipatazo 14 uzungushwe uzio pande mbili. Chini ya barabara likajengwa daraja lenye nafasi ya ndovu kupita huku malori yakipita juu. Mapema mwaka 2011 dume mmoja alijaribu, akapita, na wengine wakafuata. Mwaka 2013 UNESCO ilipanua eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya likaingiza Lewa na Ngare Ndare, kwa hoja kwamba mlima na nyika iliyo chini yake ni mfumo mmoja wa ikolojia. Faida ya ukanda huo inawafikia pia wakulima wadogo: ndovu mwenye njia yake haingii shambani kwa urahisi.

Punda milia wa Grevy, mwenye mistari myembamba na masikio ya mviringo, hana bahati kama ya kifaru. Duniani wamebaki takriban 3,000, Kenya na Ethiopia pekee, na zaidi ya mmoja kati ya kila kumi yuko Lewa. Lakini Lewa iliyofanikiwa kulinda kila kitu imelinda pia simba, na simba hupenda mtoto wa pundamilia. Ndani ya eneo lililolindwa vizuri, mnyama adimu analiwa na mnyama anayevuta watalii. Hakuna suluhisho safi hapa. Meneja anayesema anao usawaziko wa maumbile hajawahi kuhesabu watoto wa Grevy wanaofikisha mwaka.

Mnyama anayesahaulika katika simulizi hizi ni ng'ombe, na bila shaka ndiye aliyestahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. Ng'ombe wa ranchi za Kenya ni Boran, mwenye nundu, ngozi iliyolegea na uwezo wa kukaa siku mbili bila maji. Walowezi hawakumleta. Walimnunua kwa wafugaji wa Kiborana wa kaskazini, wakamchagua na kumzalisha kwa vizazi, na mwaka 1951 wakaanzisha chama cha wafugaji wa Boran kinachotunza vitabu vya nasaba. Leo mbegu zake zimeuzwa hadi Afrika Kusini na Australia. Elimu ya kuishi na simba nayo ni ya wafugaji wa asili: ng'ombe wanachungwa mchana na mtu, usiku wanalala ndani ya boma la miiba mizito. Watafiti waliofuatilia simba wa Laikipia waligundua kwamba boma imara lenye watu na mbwa hupunguza sana hasara, kwa hiyo hupunguza pia sababu ya kuwapiga simba risasi au kuwawekea sumu. Ranchi nyingi sasa hutumia boma la vyuma linalohamishika, lakini wazo ni lile lile la mchungaji wa zamani.

Boma linafanya kazi nyingine ambayo kwa muda mrefu haikutambuliwa. Ng'ombe mia kadhaa wakilala mahali pamoja kwa wiki au miezi, samadi na mkojo hurutubisha udongo ambao kwa kawaida ni duni. Boma likihamishwa, pale palipokuwa vumbi panaota nyasi fupi nzito zenye lishe, na panabaki hivyo kwa miongo, pengine zaidi ya karne. Ukiruka juu ya Laikipia kwa ndege ndogo unaziona kama mabaka ya kijani katikati ya vichaka. Swala na pundamilia hukusanyika humo, kwa sababu nyasi ni tamu na adui anaonekana akija. Ranchi zilizojua siri hiyo zilianza kupeleka boma kwa makusudi kwenye ardhi iliyokwanguka, zikaitibu kwa kwato na samadi. Mtu akiuliza wanyamapori wa Laikipia wanadaiwa na nani malisho yao bora, sehemu ya jibu ni wafugaji wa Kimaasai walioishi hapo kabla ya ranchi kuwepo, ambao maboma yao ya kale bado yanalisha swala.

Katika ranchi ya Mpala, ambayo mmiliki wake George Small aliiachia utafiti, jaribio lilianza mwaka 1995 kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Vipande 18 vya ardhi, kila kimoja cha hekta 4, vilizungushwa uzio wa namna tofauti: kimoja kinazuia wanyama wakubwa wote, kingine kinazuia ndovu na twiga tu, kingine kinaruhusu ng'ombe pekee, na kadhalika. Swali lilikuwa la zamani sana, nalo ni kama pundamilia anamnyang'anya ng'ombe chakula. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wakati wa kiangazi jibu ni ndiyo: ng'ombe wanaolisha pamoja na wanyamapori hawanenepi kama wanaolisha peke yao. Wakati wa mvua jibu linageuka. Pundamilia hula mabua makavu magumu ambayo ng'ombe hayataki, na baada yao ng'ombe hupata chipukizi laini, hivyo huongeza uzito zaidi kuliko wakiwa peke yao. Kuna pia hesabu ya kupe. Ng'ombe anayepitishwa joshoni kila wiki hutembea malishoni kama ufagio: kupe wanampanda, wanakufa kwa dawa, na idadi yao inapungua kwa wote, swala na mchungaji wakiwemo.

Hayo yote hayana maana kwamba ng'ombe wengi ni wema. Kinachofanya kazi ni ng'ombe wachache kiasi, wanaohamishwa, wanaopewa dawa, katika ardhi inayopumzishwa. Hapo ndipo ranchi ya familia ina nguvu ambayo jirani yake hana. Mwenye ekari 40,000 anaweza kuacha nusu ya malisho bila kuguswa mwaka mzima akisubiri ukame. Kikundi cha familia mia tano kwenye ekari chache zaidi hakiwezi, hata kikiwa na hekima yote ya dunia. Mara nyingi wageni husimama kwenye uzio, hutazama nyasi upande mmoja na vumbi upande mwingine, na kuhitimisha kwamba upande mmoja unajua kutunza ardhi. Hitimisho hilo ni la uvivu. Uzio ule unaonyesha kwanza nani ana ekari ngapi.

Na ekari zina historia. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, kundi moja likapelekwa Laikipia kwa ahadi kwamba lingekaa humo daima. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mkataba wa 1911 uliwaondoa tena, safari hii hadi kusini, ili Laikipia igawiwe walowezi. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ilikuwa kati ya mataifa mawili na mahakama ya koloni haikuwa na mamlaka juu yake. Agosti 2004, miaka mia moja kamili baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai wa Laikipia waliandamana na kuingiza mifugo ndani ya ranchi wakidai muda umekwisha. Serikali iliwatoa kwa nguvu. Lewa, kwa kuwa iko Meru, haikuwa kiini cha mgogoro huo, lakini mfumo uliozaa ranchi za walowezi kaskazini mwa mlima ulikuwa mmoja.

Mwaka 2017 hali ilikuwa mbaya zaidi. Ukame, bunduki na siasa za uchaguzi zilikutana, na wachungaji wenye silaha wakaingiza maelfu ya ng'ombe katika ranchi na hifadhi za magharibi mwa Laikipia. Nyumba za wageni zilichomwa, ndovu waliuawa, mmiliki mmoja aliuawa akikagua mali yake, na mwandishi Kuki Gallmann alipigwa risasi akanusurika. Wachungaji nao walipoteza watu na mifugo. Wakubwa wenye mifugo mingi iliyokabidhiwa vijana wa kuchunga hawakuonekana mstari wa mbele, na wengi wao hawakuwa maskini hata kidogo. Kuueleza mgogoro ule kama maskini dhidi ya matajiri weupe ni kurahisisha. Kuueleza kama wahalifu dhidi ya wahifadhi ni kurahisisha vilevile.

Familia ya Craig iliona mapema kwamba usalama wa kifaru uko nje ya uzio. Ian Craig, mwana wa David na Delia, alifanya kazi na ranchi ya kikundi ya Il Ngwesi, inayomilikiwa na Wamaasai wa kaskazini mwa Lewa, na mwaka 1996 jamii hiyo ikafungua nyumba ya wageni inayoimiliki na kuiendesha yenyewe. Namunyak, katika milima ya Mathews upande wa Samburu, ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla. Kutokana na mifano hiyo likazaliwa mwaka 2004 shirika la Northern Rangelands Trust, ambalo sasa linaunganisha zaidi ya hifadhi 40 za kijamii kuanzia Turkana hadi pwani. Jamii hutenga malisho, huajiri walinzi wa kwao na kugawana mapato. Mahali pengine ng'ombe wa jamii walinunuliwa moja kwa moja na kunenepeshwa ranchini ili mfugaji asipunjwe na madalali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilizipa hifadhi za watu binafsi na za jamii nafasi rasmi kwa mara ya kwanza, zikawa aina ya matumizi ya ardhi sawa na kilimo.

Upanuzi huo ndio uliozaa lawama nzito zaidi. Ripoti ya taasisi ya Oakland ya Marekani mwaka 2021 ilidai kwamba Northern Rangelands Trust limewanyima wafugaji malisho na kwamba walinzi wake wamehusika na vurugu, shirika lilikanusha. Mradi wake wa kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa katika udongo wa malisho ulisimamishwa mwaka 2023 ili uchunguzwe upya. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo na kabla ya ardhi ya jamii kusajiliwa kama inavyotakiwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Uamuzi huo haukusema uhifadhi ni mbaya. Maana yake ni kwamba ardhi ya jamii haiwezi kupangiwa matumizi na bodi ambayo jamii haikuichagua, hata bodi hiyo ikiwa na nia njema na magari mengi.

Hapa ndipo tofauti kati ya ranchi na hifadhi ya kijamii inapoonekana. Katika ranchi yake mwenyewe familia inaweza kuamua asubuhi na uzio ukajengwa jioni. Wepesi huo ndio uliomwokoa kifaru mwaka 1983, wakati wizara isingeweza. Ukihamishiwa kwenye ardhi ya watu elfu kumi, wepesi ule ule ni kosa. Mikutano ya wazee inachukua miezi, vijana wanapinga, wanawake wanauliza kuni zitatoka wapi, na hakuna njia ya mkato. Baadhi ya hifadhi za kaskazini zilifanikiwa kwa sababu zilichukua miezi hiyo. Nyingine ziliundwa kwa ratiba ya mfadhili.

Lewa yenyewe imekwenda mbali zaidi ya ranchi nyingi katika jambo moja. Kwa msaada wa The Nature Conservancy ya Marekani, ardhi iliyokuwa ya familia ilinunuliwa na kuwekwa chini ya shirika la hifadhi. Ilinunuliwa, haikutolewa sadaka, na wapo wanaoona si haki familia ilipwe kwa ardhi iliyopatikana chini ya ukoloni. Hata hivyo matokeo yake ni ya kweli. Mrithi hawezi kuamka siku moja akaikata viwanja vya robo ekari, jambo ambalo limezipata ranchi kadhaa za Laikipia zilizouzwa kwa makampuni ya ardhi na zikaishia kuwa viwanja vikavu visivyolimika. Uongozi wa Lewa leo umo mikononi mwa wasimamizi na bodi, Wakenya wakiwemo, na kazi ya kila siku inafanywa na watu wa Meru, Isiolo na Laikipia. Zahanati na ufadhili wa shule kwa vijiji jirani vimekuwa sehemu ya bajeti kwa miaka mingi.

Bajeti hiyo ndiyo sehemu dhaifu. Kumlinda kifaru kunagharimu fedha nyingi kila mwaka, na fedha hizo hutoka kwa watalii na kwa wafadhili wa Marekani na Ulaya. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, hifadhi nyingi zilikosa wageni kwa miezi na kupunguza mishahara. Zilizokuwa bado na ng'ombe ziliuza ng'ombe. Kwa miaka mingi washauri walikuwa wakizihimiza ranchi ziachane na mifugo zibaki na utalii mtupu, na ushauri huo haukupimwa vyema mpaka ndege ziliposimama.

Suala la hatimiliki bado liko wazi kwa ranchi zilizobaki mikononi mwa familia. Katiba ya 2010 ilifuta mikataba ya upangaji ya miaka 999 kwa wasio raia na kuigeuza kuwa ya miaka 99 inayohesabiwa tangu Agosti 27, 2010. Kampuni yenye hata mwanahisa mmoja asiye raia inahesabiwa kuwa si ya raia. Familia nyingi za ranchi ni raia wa Kenya kwa vizazi, lakini kampuni zinazomiliki ardhi zao si lazima ziwe hivyo, na muda wa upangaji ukiisha ni serikali itakayoamua kama utaongezwa na kwa masharti gani. Masharti ya uhifadhi yanaweza kuandikwa humo: eneo lisikatwe, mapito ya ndovu yasizibwe, jirani apate malisho ya dharura mwaka wa ukame kwa makubaliano badala ya bunduki. Baadhi ya ranchi tayari hufanya makubaliano hayo ya malisho kwa hiari, kwa idadi maalumu ya ng'ombe, kwa ada ndogo na kwa muda uliowekwa.